Vyeti vya siku mbili havimfanyi mtu mwezeshaji

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya vijana waliokabidhiwa vyeti vya uwezeshaji wa kisomo cha watu wazima na uraia imeniudhi. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika neno, lakini kusifu mafunzo ya siku mbili, tena ya pili ikaishia kwa mgeni rasmi na picha, hapana.

Kusoma kwa ubunifu, ambako mwezeshaji anapaswa kukuongoza darasani, kuna ngazi nne. Wanakisomo wanaeleza kilichotokea kwenye hadithi. Wanakihusisha na maisha yao. Wanakihoji, nani kafaidika na nani hakuulizwa. Mwisho wanaunda kitu chao, igizo au barua kwa mwenyekiti wa kijiji. Vijana wanaganda ngazi ya kwanza kwa sababu ndiyo pekee waliyoiona shuleni. Katika darasa moja nililolikagua, kijana aliuliza "Mhusika mkuu ni nani?", akajijibu papo hapo, kina mama wakaitikia kwa pamoja. Saa nzima hakuna mwanakisomo aliyeshika chaki. Silaumu kijana. Nani alimfundisha kuuliza kisha anyamaze, ahesabu moyoni mpaka kumi? Nani alimwambia hadithi ikatwe kabla mhusika hajaamua, ili uamuzi ubaki kwa wasikilizaji? Nani alimwonyesha kuchomoa neno moja, tuseme mapato, alivunje ma-pa-to, ajaze ubao ma me mi mo mu, pa pe pi po pu, ta te ti to tu, halafu awaachie watu waunde wenyewe pima, tupa, pete, moto? Neno hilohilo limebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na asiyeweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi ataishia kupiga makofi.

Na vitabu! Watu wazima wanapewa hadithi za watoto, au vijitabu vya wafadhili vyenye herufi kama sisimizi, wasome jioni mwanga ukififia. Hadithi isizidi maneno 150, herufi za pointi 16, nakala moja kwa watu wawili. Fedha za fulana na mabango ziende huko.

Tuliwahi kuyaweza haya. Kampeni ya elimu ya afya ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha viongozi wa vikundi kwanza, redio ikafuata, na vitabu vilikuwepo.

Napendekeza siku sita, vijana wasiozidi 15. Mbili za ngazi na maswali. Tatu za kufundisha wanakisomo wa kweli, kijana mmoja akiwezesha huku mwenzake akiwa na saa mkononi anapima dakika alizoongea mwezeshaji huyo. Aliyezidi nusu ya kipindi arudie somo lote kesho yake. Siku ya sita waandike hadithi kutokana na jambo la kijiji hicho hicho, kisima kilichoharibika au mchango usio na risiti. Mkufunzi arudi kuwakagua baada ya wiki 4, kisha baada ya wiki 12, na cheti kitolewe baada ya ukaguzi huo wa pili. Mwandishi wenu aje siku hiyo, akae nyuma ya darasa tangu linapoanza.

Mkufunzi mstaafu wa kisomo,
Dodoma