Paipu za nyaya zikaguliwe kabla ya plasta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaojenga hapa Mbeya. Mimi ni fundi umeme, naishi Uyole. Juni, baridi ilipokaza, niliitwa Ilomba kwa mama mmoja ambaye soketi yake ya jikoni ilikuwa imeyeyuka. Alichomeka hita na birika kwa pamoja, kila kimoja wati 2,000. Kwa volti 230 hapo ni kama ampea 17. Waya wa milimita za mraba 2.5 ukiwa na nafasi yake ndani ya paipu unabeba mzigo huo vizuri tu.

Nafasi ndiyo haikuwepo. Nilipofungua boksi nilikuta paipu moja ya milimita 20 imeshindiliwa nyaya tisa. Nikashika mmoja nivute. Haukusogea hata kidogo.

"Fundi, si uweke tu breka kubwa zaidi?" mama akaniuliza. Hapana, mama. Kazi ya breka ni kukata umeme mzigo ukizidi; ikiwa kubwa mno itaacha waya uungue ukutani huku yenyewe imetulia.

Tupige hesabu. Hiyo milimita 20 ni kipimo cha nje cha paipu. Ndani inabaki kama 16. Kanuni za umeme za Marekani, NEC, zinasema nyaya zikiwa tatu au zaidi zisijaze zaidi ya asilimia 40 ya uwazi wa paipu. Waya wa 2.5 pamoja na ganda lake una unene wa karibu milimita 4, kwa hiyo zinaingia sita, basi. Matajiri wetu, yaani wenye nyumba wanaotupa kazi, wakiona sehemu kubwa ya paipu iko tupu wanadhani fundi anawaibia. Huo utupu ndio unaokuwezesha kuvuta waya bila kuchubua ganda, na joto nalo lipate pa kupumulia. Kanuni hizohizo zinataka nyaya saba hadi tisa zenye mzigo ndani ya paipu moja zihesabiwe kwa asilimia 70 tu ya uwezo wake.

Kona nazo! Kati ya boksi na boksi Wamarekani hawaruhusu kona zizidi jumla ya digrii 360, yaani kona nne za mraba. Sisi tulifundishwa tusizidishe mbili. Pale Ilomba nilihesabu tano, zote za elbo za kugundisha. Sijui aliyezipitisha hizo nyaya alitumia nguvu za nani.

Ombi langu ni kwa wanaokagua. Mara nyingi nimeona mkaguzi akija plasta imeshakauka, anapima ethi (waya wa ardhini), anaangalia soketi na swichi, anaondoka. Paipu hakuna anayeiona tena. Aje tofali zikiwa bado wazi, ahesabu kona na nyaya. Na wewe mwenye nyumba piga picha kila ukuta kabla haujafunikwa, uzitunze.

Mama wa Ilomba sasa ana paipu mbili za 25. Ila tulipasua taili alizoweka Pasaka, na za rangi ileile tumezitafuta Mwanjelwa nzima hatujazipata.

Fundi umeme,
Uyole, Mbeya