Kwa vijana mlioacha kuja Jumapili

Wanangu wa Lancaster, salamu.

Nimesikia mmemwambia mchungaji kwamba hamrudi kanisani, kwa kuwa mmesoma shuleni hapa Pennsylvania jinsi dini ilivyokuwa kiboko cha mabwana wa makoloni ya Waingereza huku Marekani. Yeye alikasirika. Mimi sikukasirika, maana mliyosoma ni kweli, na ubaya wenyewe hamjausoma wote.

Mwaka 1640 huko Virginia walitoroka watumishi watatu: Wazungu wawili na Mwafrika aitwaye John Punch. Wazungu wakaongezewa miaka minne. Punch akahukumiwa kutumika mpaka kufa. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba mtumishi wa mkataba na mtumwa ni mamoja. Mkataba, uliolipia nauli ya meli, ulikuwa na mwisho wake, mara nyingi baada ya miaka minne hadi saba. Tena mwaka 1667 bunge la koloni hilohilo, watu wa kanisa hao, likaamua kwamba ubatizo haumtoi mtumwa utumwani.

Sasa nisikilizeni habari za Elizabeth Ashbridge, binti wa Kiingereza aliyefika New York mwaka 1732. Wakiwa baharini alisikia watumishi wakipanga kuasi, akatoa habari. Shukrani ya punda! Nahodha alimlazimisha kutia sahihi mkataba wa miaka minne, kisha akauzwa. Aliyemnunua alikuwa mtu wa sala, kila usiku anaomba pamoja na watu wa nyumbani mwake, na binti yule anatembea peku kwenye theluji. Siku moja bwana akamwita mchapa viboko wa mji, binti akaambiwa avue nguo. Aliponea chupuchupu. Mwenyewe anasimulia kwamba alifikia karibu kusema hakuna Mungu.

Mnaona? Aliyasema hayo kabla yenu, naye alikuwa na sababu kuliko ninyi na mimi.

Alitumika miaka mitatu, muda uliobaki akaununua kwa kazi ya sindano. Baadaye, hukuhuku Pennsylvania, akaingia kwa Waquaker, dhehebu la Kikristo, mumewe akimpinga vikali, akawa mhubiri. Yule bwana wa sala hakuwa na la kumfundisha tena.

Hao Waquaker nao msiwatakase upesi. Mwaka 1688, Germantown hapa Pennsylvania, wanne kati yao waliandika kuupinga utumwa, wakiuliza nani angependa kutendewa hivyo. Vikao vya juu vikauweka waraka kando. Mpaka 1776 ndipo kikao cha mwaka cha Philadelphia kilipowakataza waumini wake kumiliki watumwa. Miaka 88! (Ndilo dhehebu lililofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902.)

Jumapili siwaiti kanisani. Njooni kwangu Jumamosi jioni, mama yenu atapika sombe. Leteni vitabu vyenu vya shule, na hasira zenu pia. Tutaanza na John Punch.

Ni mimi baba yenu, mzee wa kanisa.