Muuzaji wa mnada wa WhatsApp aangalie salio, asitosheke na ujumbe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wenzangu wanaouza vitu vilivyotumika katika minada ya makundi ya WhatsApp na Telegram, kwa sababu tahadhari nyingi zinazotolewa humlenga mnunuzi, awe macho asiuziwe kitu kibovu, ilhali muuzaji huachwa kana kwamba yeye hana cha kupoteza. Mimi ni fundi cherehani, na mwaka jana nilipoteza mashine ya ovaloki, ile ya kushona kingo za nguo zisifumuke, iliyokuwa inanilishia watoto, kwa njia ambayo ingezuilika kama ningetulia dakika mbili tu.

Kwa asiyeijua minada hii, muuzaji huweka picha na bei ya kuanzia, kiongozi wa kundi hutangaza saa ya kufunga, wanachama hupandisha dau kwa kuandika kiasi chini ya picha, na muda ukiisha aliyetaja kiasi kikubwa hutangazwa kuwa mshindi. Mashine yangu ilianzia Sh200,000 ikapanda taratibu hadi Sh310,000, kisha zikiwa zimebaki dakika chache akajitokeza mtu ambaye hakuwahi kuandika neno kundini, akaruka moja kwa moja hadi Sh420,000. Nilifurahi sana. Sasa naelewa kwamba mtu asiyekusudia kulipa hana sababu ya kubana dau, na kwamba dau linaloruka hivyo dakika za mwisho lilipaswa kunifanya niulize, nami badala yake nilikimbilia kufunga mzigo.

Asubuhi yake mshindi alipiga simu akasema yuko Dodoma, anamtuma kijana wa bodaboda achukue mashine aiwahishe stendi ya Msamvu kwenye basi la saa 4. Kijana alifika, tukaifunga mashine kwa kamba za mpira, na kabla hatujamaliza simu yangu ikaingia ujumbe kwamba nimepokea Sh420,000. Niliusoma mbele yake, nikamruhusu aondoke. Jioni nilipokwenda kwa wakala kutoa fedha nilikuta salio la Sh11,350. Tulikaa na yule wakala tukautazama ujumbe ule mstari kwa mstari. Ulitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, haukukaa katika mlolongo mmoja na ujumbe mwingine wa huduma ya fedha, na salio jipya lililoandikwa ndani yake lilikuwa Sh420,000 kamili, kana kwamba kabla ya hapo sikuwa na hata shilingi moja. Mambo hayo matatu yalikuwa wazi mbele ya macho yangu tangu asubuhi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ujumbe si malipo. Muuzaji aingie mwenyewe kwenye menyu ya simu yake, aweke namba ya siri, aangalie salio, na mpaka hapo mali ibaki mkononi mwake, hata kama basi linaondoka na hata kama kijana wa bodaboda analalamika kwamba anacheleweshwa. Haraka ya mnunuzi isiwe sababu ya kulegeza. Aidha, hakuna mtu anayehitaji namba yako ya siri, wala kukubonyezesha kiungo chochote, ili akutumie fedha.

Kuna utapeli mwingine ambao hata salio haliufichui, nao ulimpata jirani yangu aliyeuza simu. Tapeli alichukua picha za simu ile kutoka mnadani, akazitangaza katika kundi jingine kwa bei nafuu, akampa mteja wa huko namba ya jirani yangu ili alipie. Fedha ziliingia kweli, tapeli akaja kuchukua simu akijifanya ndiye aliyelipa, na siku mbili baadaye mlipaji halisi akaja na askari kumdai jirani yangu. Tangu hapo nalinganisha jina lililotokea kwenye muamala na kitambulisho cha anayepokea mzigo, na yakitofautiana siukabidhi mpaka nimpigie aliyelipa na kumuuliza analipia nini na wapi alikiona. Picha zangu pia nazipiga zikiwa na karatasi yenye jina la kundi na tarehe, ili anayeziona kwingine ajue zimeibwa. Na mtu akidai amekutumia fedha zaidi kwa makosa, usimrudishie wewe mwenyewe, bali mwelekeze kwa mtandao wake wa simu, ambao una utaratibu wa kurejesha muamala.

Sisi wauzaji nasi tuna la kujirekebisha. Wapo wanaowaweka ndugu na marafiki kundini wapandishe dau kwa siri. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, hairuhusu muuzaji kujipandishia dau mwenyewe au kupitia mtu mwingine bila kuwatangazia wanunuzi kwamba amejiwekea haki hiyo, na mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya ulaghai. Ukiogopa kuuza kwa hasara, tangaza mapema bei ambayo chini yake huuzi.

Baada ya kuibiwa nilifanya kosa la pili, nikafuta mazungumzo yote kwa hasira, na nilipofika polisi sikuwa na cha kuonyesha zaidi ya maneno yangu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu wa namna hii kuwa kosa la jinai, lakini mpelelezi anahitaji ujumbe wenyewe, namba, saa na picha. Usifute kitu. Tuma namba ya tapeli pamoja na ujumbe wake kwenda 15040, namba iliyotengwa kupokea taarifa za utapeli wa simu, kisha nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Ombi langu kubwa ni kwa viongozi wa makundi. Katika mnada wa uwanjani mnadishaji anasimama mbele ya watu, anajulikana, na mali haiondoki kabla fedha hazijahesabiwa. Kiongozi wa kundi letu alipokea kamisheni kwa wauzaji, lakini nilipomweleza yaliyonikuta alijibu kwamba hayo ni ya muuzaji na mnunuzi. Anayechukua kamisheni amjue anayemruhusu kutaja dau, awe na jina lake kamili na namba iliyosajiliwa kwa jina hilo, na aweke kanuni kwamba makabidhiano yafanyike mchana, kwa wakala, pande zote mbili zikiwapo au zikiwakilishwa na mtu anayejulikana.

Mwezi Machi niliuza cherehani yangu ya Butterfly katika kundi jingine lenye kanuni hiyo. Mnunuzi, mama mmoja wa Kilosa, alikuja kwa wakala saa 5 asubuhi na kipande cha kitenge, akashona mshono mmoja kujaribu, akalipa, nami nikaangalia salio kabla hajaigusa tena mashine. Tuliandikiana karatasi mbili, kila mmoja akabaki na yake, na wakala akatia sahihi kama shahidi. Nilipata Sh240,000.

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro