Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: vitabu vya watoto vifuate msimu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo, na pole na majukumu.

Mimi ni mama wa Ilemela, huku mwalo wa Igombe mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, biashara yangu ni dagaa na jioni nikipata nafasi nawasomea watoto hadithi, wangu na wa majirani, sio mwalimu wa kuajiriwa wala sina taasisi. Nimeamua kuandika wazi ili na wamama wenzangu wa mialoni wasome waongezee, maana najua hata Kome na Ukerewe ni hivi hivi.

Mheshimiwa naomba kitu kimoja tu, vitabu vya watoto mkoa huu vitembee kwa kufuata msimu wa ziwa na wa shamba, visikae sehemu moja vikisubiri mtoto avifuate.

Wewe unajua dagaa wanavuliwa kwenye giza, wiki zisizo na mbalamwezi, wavuvi wanaingia usiku na taa, zamani karabai siku hizi wengi wana za sola, asubuhi mitumbwi ikirudi kila mtu yuko mchangani, mama anaanika, dada anageuza, mtoto wa darasa la pili anafukuza ndege kabla hajaenda shule na akirudi mchana anakuta dagaa bado zipo zinamsubiri azianue. Wiki hizo ukimpa kitabu anasinzia kwenye ukurasa wa kwanza na huwezi kumlaumu. Sasa mwezi ukishakuwa mkubwa, taa haivuti tena dagaa, mitumbwi inapumzika, wanaume wanashona nyavu, kambi nzima inakua na muda. Hapo ndo vitabu vinatakiwa viwe vimefika!! Mnasoma jioni kabla jua halijazama, halafu usiku kwenye ile mbalamwezi watoto wenyewe wanasimuliana upya, mmoja anakua fisi mwingine sungura, na yule ambaye hajui kusoma kesho yake anakuja kuomba kitabu hicho hicho aangalie mwenyewe kama kweli sungura alisema hivo. Mimi hiyo nimeiona kwa macho yangu, tena mara nyingi. Na mwezi haubahatishi, hata mtoto wa mwaloni anajua mbalamwezi ijayo ni lini, kwahiyo ratiba ya vitabu inaweza kupangwa mwaka mzima bila semina wala kikao cha posho.

Masika ni habari nyingine. Machi mpaka Mei mvua inanyesha, dagaa hazikauki, nyingine zinaharibika, watu wanashinda ndani. Watoto nao wapo ndani. Sasa 2 Aprili kila mwaka ni siku ya kimataifa ya vitabu vya watoto, imeanza 1967, wamechagua tarehe aliyozaliwa Hans Christian Andersen yule mwandishi wa Denmark, na kwa wenzetu kule Ulaya ndo baridi inaisha watu wanatoka nje, sisi huku tunaingia ndani. Naomba basi siku hiyo isije ikafanywa ya maandamano na tisheti uwanjani, iwe siku ya kusoma chini ya bati, darasani, kanisani, msikitini, popote pasipovuja. Tunachohitaji ni boksi la plastiki lenye mfuniko maana la karatasi unyevu wa ziwa unalimaliza.

Kiangazi ndo kinafaa kukusanya hadithi. 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, pamba inavunwa, Bujora kule Kisesa ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma, zinalia, shule zinafunga, bibi wa Kisukuma, wa Kikerewe, wa Kizinza ana nafasi ya kukaa na wajukuu. Mtoto aandike anachosimuliwa. Mkoa huu ndo umetoa mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na imekuja kuchapwa kwa Kiswahili 1980, mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 yote hiyo. Hadithi za watoto wetu zisisubiri hivo jamani.

Na nasema hivi kwa sababu vitabu vingi vinavyotufikia ni vya msaada, vimejaa theluji. Sivikatai, watoto wanavipenda sana, kuna mmoja aliuliza hiyo barafu yote kwanini wanaiacha chini wasiwekee sangara, nikafurahi maana mtoto anayeuliza hivo amesoma kweli. Ila na yeye anastahili kukuta ziwa lake kitabuni. Akisoma habari za embe Desemba embe zipo mtini anazionja, senene zikiruka Novemba asome senene. Kamongo! Huyu samaki dimbwi likikauka anaweza kujichimbia kwenye tope akatulia humo mpaka mvua irudi, anapumua hewa kama sisi, sijui kama kuna hadithi tamu zaidi ya hiyo kwa mtoto wa miaka 7, na baba yake anaweza kumuonyesha huyo kamongo mwenyewe.

Kuhusu gharama, kuna hadithi za watoto za Kiswahili zimewekwa mtandaoni bure na African Storybook, mpango ulioanzia Afrika Kusini, leseni yake inaruhusu kuprinti na hata kutafsiri, mimi naprinti steshenari kurasa chache chache nashona na uzi wa nyavu, zinadumu. Mkoa ukiprinti kwa pamoja bei itashuka sana. Njia ya kusafirisha ipo, meli ya Nansio ipo, Sengerema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hakuna tena foleni ya kivuko, gari la halmashauri linaloenda kukagua kitu kingine linaweza kubeba boksi.

Kwahiyo Mheshimiwa naomba ukae na Afisa Elimu wa Mkoa na watu wa Maktaba ya Mkoa mpange maboksi, yaanze hata kwa mialo michache, wiki za giza yakae mjini yajazwe na kukarabatiwa, wiki za mbalamwezi yawe mwaloni. Pa kuyatunza pasikusumbue, mialo mingi ina BMU, kile kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, na BMU nyingi zina ofisi yenye kufuli. Funguo apewe mama mmoja anayeaminika, tutamchagua wenyewe, na daftari la kuazimisha tutanunua wenyewe.