Mofini ilipewa njia, tiba mpya za akili nazo zipewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hapa Uganda tunalikwepa kwa sababu limebeba jina la dawa za kulevya, nalo ni kutibu sonona sugu na kiwewe cha vita kwa baadhi ya dawa hizo, chini ya uangalizi wa daktari na mshauri nasaha.

Tangu Julai 1, 2023, Australia imewaruhusu madaktari bingwa wa akili wenye kibali maalumu kuwaandikia wagonjwa wa kiwewe MDMA, dawa inayojulikana mitaani kama ekstasi, na kuwaandikia wagonjwa wa sonona walioshindikana kwa dawa za kawaida silosaibini, kemikali inayopatikana katika aina fulani za uyoga. Marekani imesita zaidi. Agosti 2024 mamlaka yake ya dawa ilikataa ombi la MDMA na kutaka utafiti mwingine. Kukataliwa huko hakujafunga hoja. Ni haki dawa hizi zipimwe kwa ukali uleule wa dawa nyingine yoyote, na hicho ndicho ninachokiomba kwetu.

Hapa kwetu, mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria yetu ya dawa za kulevya kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likapitisha nyingine. Kwa maoni yangu mkazo ulibaki kwenye adhabu, na mgonjwa hakufikiriwa vya kutosha.

Wanaodai kwamba nchi kama yetu haiwezi kusimamia dawa ya hatari wamesahau mofini. Hospice Africa Uganda ilipoanza mwaka 1993 kuwapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji, dawa itokanayo na afyuni, hofu ilikuwa ileile ya leo. Hata hivyo, mwaka 2004 kanuni zilirekebishwa ili wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu ya wagonjwa mahututi, waruhusiwe kuiandika, Serikali ikaendelea kuitoa bila malipo, na mataifa mengine ya Afrika yakaja kujifunza kwetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, ambao umeziweka silosaibini na MDMA katika jedwali kali kuliko yote, nao unaruhusu utafiti na matumizi finyu ya tiba.

Mimi ni mshauri nasaha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kila wiki nakutana na kina mama waliokimbia Kivu ambao hawajapata usingizi wa kutosha kwa miaka. Sehemu kubwa ya tiba ninayoizungumzia si kidonge bali ni mazungumzo: mgonjwa huandaliwa katika vikao kadhaa, siku ya dawa hukaa na wataalamu kwa saa sita hadi nane, kisha husaidiwa kuyaweka mahali pake yale aliyoyaona. Kazi hiyo si ngeni hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wakimbizi wa papa hapa Nakivale, wasio madaktari, walifunzwa kuwatibu kiwewe Wanyarwanda na Wasomali wenzao kwa maongezi, na wagonjwa wakapata nafuu.

Tungeweza kuanza na ketamini, dawa nyingine inayojaribiwa kwa sonona sugu, ambayo vyumba vyetu vya upasuaji vinaitumia kila siku kama nusukaputi, na ambayo haimo katika majedwali ya mkataba ule. Jaribio dogo katika Hospitali ya Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, lenye kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa, litawaacha nje wenye historia ya skizofrenia na wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Simshauri mtu yeyote kuchuma uyoga porini. Anaweza kufa kwa sumu.

Naiomba Wizara ya Afya na Kamati ya Afya ya Bunge ziandike kanuni zitakazompa mtafiti njia iliyo wazi ya kuomba kibali, na zitakazompeleka kwenye matibabu, badala ya gerezani, anayekamatwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe.

Mshauri nasaha,
Nakivale, Isingiro