Mlitupeleka kwenye vipigo, siku ya ushindi basi halikuja

Detroit, 24 Juni 2024

Kwa Meneja,

YAH: KURUDISHIWA NAULI NA TIKETI ZA MECHI TATU

Jana nimepokea ujumbe wenu wa kunikumbusha kulipia mapema kifurushi cha msimu ujao. Kwanza tumalizane na cha msimu uliopita.

Oktoba 2023 nililipia mechi 10 za nyumbani za timu yetu ya mpira wa kikapu, Detroit Pistons, tiketi pamoja na basi, mimi na mwanangu. Mmetupeleka saba.

Vipigo sivilalamikii, si kosa lenu. Msimu wa kabla yake timu ilikuwa imeshinda mechi 17 kati ya 82, kwa hiyo nilijua ninachonunua (japo sikudhani watashuka hadi 14). Tarehe 26 Desemba tulikuwa ukumbini hapa Detroit timu ya Brooklyn ilipotuchapa 118 kwa 112. Mchezaji wetu Cade Cunningham alifunga pointi 41 peke yake na hazikusaidia kitu. Hicho kilikuwa kipigo cha 27 mfululizo, rekodi ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa msimu mmoja. Watu wakimpigia kelele mmiliki auze timu, mwanangu alivuta kofia ikamfunika macho, akaniuliza: "Baba, Jumamosi lazima turudi?" Nikamjibu tumeshalipa.

Jumamosi hiyo, 30 Desemba, tulisimama kituoni dakika hamsini kwenye baridi. Ndipo dereva akaandika kwamba safari imefutwa, abiria hawatoshi. Ningeendesha mwenyewe, lakini tiketi zilikuwa kwenye simu ya mfanyakazi wenu. Usiku ule Pistons wakaifunga Toronto 129 kwa 127. Tuliutazama ushindi huo kwenye kioo cha simu, ndani ya gari, tukigombania chaja.

Machi mkafuta mbili nyingine kwa sababu ileile. Abiria waliochoka kuja walishalipa kama mimi, na fedha zao mnazo. Sasa basi lilikosa nini, mafuta au watu wa kulijaza?

Nadai dola 390: mechi tatu, watu wawili, dola 65 kila mmoja. Punguzo la msimu ujao silitaki. Wiki iliyopita Pistons wamemfukuza kocha Monty Williams akiwa na miaka mitano mbele kwenye mkataba, na yeye watamlipa chake. Changu nakisubiri hadi 15 Julai. Baada ya hapo nitafungua shauri kwenye mahakama ya madai madogo.

Risiti ya Oktoba na ujumbe wa dereva nimeviambatanisha.

Mteja wenu,
Baba Salma