Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti: safari ya Budapest na hoja ya milango

Ndugu wanachama, salaam nyingi kwenu wote. Mahesabu mweka hazina atawasomea mwenyewe, huko siingii, niseme tu michango imeingia vizuri kuliko mwaka juzi na chama hakidaiwi na mtu. Wenzetu mliojiunga kutoka Graz na Linz karibuni sana, na nyie wadogo zetu wa chuo mliopanga zile jioni za mafumbo hapa Vienna baridi ilipokuwa kali, asanteni jamani, bila nyie chama kingelala.

Kubwa la mwaka ni ile wikiendi ya Budapest. Kuna waliouliza kwa nini tupande treni mpaka Hungaria wakati eskepu rumu, yaani hivi vyumba tunavyocheza chama chetu, timu inaingia na kufumbua mafumbo ili itoke kabla muda haujaisha, hapa zimejaa. Mchezo huu kama tunavyoucheza ulianzia Japani, mjini Kyoto, mwaka 2007, ni Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP, lakini huku Ulaya mji ulioubeba ni Budapest, pale Attila Gyurkovics alipofungua eskepu rumu yake ya ParaPark mwaka 2011, na kwa vile mji ule una majengo ya zamani yenye besmenti kubwa kubwa zilizokuwa zimekaa tu, watu wakaiga fasta, vyumba vikaota kila mtaa. Sasa mtu anayependa mambo haya akae saa tatu kasoro tu kwa treni kutoka mji huo halafu asifike? Ijumaa watu wametoka kazini, jioni tuko stesheni ya Keleti kulekule Budapest.

Jumamosi asubuhi tukaanza na chumba cha ofisi ya mpelelezi, dakika 60, kwenye droo kuna kufuli la namba nne na wenzetu wamelivamia kila mtu anajaribu lake, mara mwaka wa hivi mara mwaka wa vile, kelele tupu. Kumbe dada yetu mmoja, mtu mpole sana, ameshaona kwamba saa nne za ukutani zote zimesimama na fremu zake zina rangi zilezile zilizopakwa kwenye kufuli. Alisema mara ya kwanza hakuna aliyemsikia. Akapaza sauti, "Jamani angalieni saa!", tukasoma mishale mifupi kwa kufuata rangi, kufuli hilo likaachia. Kuanzia hapo tukakubaliana ukiona kitu unakitaja kwa sauti hata kama unakiona cha kijinga, na wengine wananyamaza wasikie, na nawaambia timu ilibadilika palepale, chumba cha mchana tulitoka muda bado upo wa kutosha.

Sasa nije kwenye chumba cha jioni maana najua kimezungumzwa sana kwenye grupu. Sehemu yenyewe siitaji. Kijana wa pale alitaka atufungie kwa ufunguo wa kawaida aondoke nao, nikamuuliza ukitokea moto tunatokaje, akasema atatuona kwenye kamera atakuja kufungua. Mlango wa dharura ulikuwepo ila umezibwa na kabati la mapambo. Nikasema hatuingii. Hela tulirudishiwa nusu tu, na wapo walioumia kwa sababu ndicho chumba walichokuwa wanakisubiri safari nzima, hilo naliheshimu, ila uamuzi ule nitaurudia kesho kama itabidi.

Wengi mnakumbuka Koszalin, Poland, tarehe 4 Januari 2019. Wasichana watano wa miaka 15 walikwenda eskepu rumu kusherehekea bethdei ya mmoja wao, gesi ikavuja kwenye hita, moto ukawaka upande wa kutokea, wote watano wakafa kwa moshi wenye sumu. Watoto wa watu. Baada ya hapo serikali ikakagua vyumba nchi nzima na vingi vikafungwa. Na kutengeneza chumba salama wala sio jambo gumu, yale makufuli ya sumaku mnayoyaona yanashika kwa umeme, umeme ukikatika mlango unaachia wenyewe, na vyumba vizuri vinaweka kitufe karibu na mlango ukibonyeza unatoka hapohapo, tena vingine havifungi mlango wa kuingilia kabisa na utamu wa geimu uko palepale. Ufunguo uliopo mfukoni mwa mtu mwingine hausaidii chochote.

Kwa hiyo hoja ninayoileta kwenye mkutano ni hii: kabla hatujalipia chumba chochote kwa hela ya chama, katibu aulize kwa maandishi wachezaji wanatokaje bila kumsubiri mtu, na tukifika anayeongoza timu aujaribu mlango kwa mkono wake kabla dakika hazijaanza kuhesabiwa. Pasipoeleweka tunaondoka, na aliyechangia asiidai kamati. Tutapiga kura baada ya mahesabu.

Safari ya mwaka huu bado hatujachagua mji, mwenye pendekezo ampe katibu kabla ya chakula.